Coaster 11, laini mbili, mashofere 16: tupange vipi zamu na matangazo ya kila siku?

regulateri_kampemba

Bakubwa wa njia, jambo yenu.

Naomba mawazo ya watu wanaoijua kazi ya bisi za mjini. Hapa Lubumbashi tuna Toyota Coaster 11. Laini A ni Centre-ville–Ruashi kwa barabara ya Kasenga, gari 6. Laini B ni Centre-ville–Katuba kupitia mitaa ya Kamalondo na Kenya, gari 4. Moja iko garaji. Mashofere 16, mareseveri (wakata tiketi) 18, mashefu wa parkingi (wasimamizi wa vituo) 3. Gari ya kwanza inatoka 5h00, ya mwisho inaingia 20h30. Ratiba ya ukutani inasema gari kila dakika 10, laini zote mbili.

Matangazo yote yanapita WhatsApp: zamu ya kesho, njia iliyofungwa, gari iliyobadilishwa. Kundi ni moja, na kati ya tangazo na tangazo kuna salamu, picha za harusi na mabishano ya timu ya Mazembe. Asubuhi shofere anasema hakuona, na huwezi kumkatalia. Tena kila jioni gari tatu za laini A zinaingia Ruashi zikifuatana, halafu parkingi inakaa nusu saa bila kitu. Hesabu ya jioni haikubaliani na tiketi. Na gari zinatoka asubuhi na kasoro ambayo shofere wa jana aliijua vizuri sana.

Pesa ya programu ya kompyuta haipo. Nina simu, printa moja na makaye (madaftari). Nianzie wapi?

---

chrono_kasapa

Jambo regulateri. Kabla ya kugusa WhatsApp, shusha kwanza ile ratiba ya ukutani. Dakika 10 kwa gari 6 haiwezekani hata mashofere wote wakiwa malaika.

Panda gari ya laini A mwenyewe wakati njia ni nyepesi, tuseme 10h00, na upime kwenda na kurudi. Ukikuta dakika 70, ongeza 10 za kushusha, kupakia na shofere kunyoosha miguu. Mzunguko ni dakika 80. Gawa kwa gari 6, unapata 13,3, andika 14. Ukitaka 10 za kweli, tafuta gari 8. Kisha pima tena 17h00. Mzunguko ukifika 110, gari 6 zinakupa dakika 18 na kitu, andika 19. Dakika 10 kwa saa hiyo zingetaka gari 11, yaani zako zote pamoja na ile ya garaji, na Katuba ibaki bila bisi. Ratiba ya jioni na ratiba ya mchana ni karatasi mbili tofauti. Unaweza pia kuhamisha gari moja ya laini B kwa saa mbili za jioni: A inakuwa na 7, dakika 16, B, ikiwa mzunguko wake ni 60, inatoka dakika 15 hadi 20. Hilo liamue ukiwa umesimama kwenye foleni za parkingi zote mbili, si ukiwa biro (ofisini).

Gari tatu kufuatana haitokani na ukaidi wa mashofere peke yake. Gari ikichelewa dakika 3 inakuta watu wengi zaidi wanangoja, inakawia kupakia, inazidi kuchelewa. Ya nyuma inakuta vituo vitupu, inateleza tu, inaikamata. Ya tatu hivyo hivyo. Dawa ni shefu wa parkingi wa Ruashi kushikilia. Gari ikiingia, haangalii ratiba, anaangalia ile ya mbele imetoka saa ngapi. Kama nafasi kati ya gari na gari ni dakika 19 na ya mbele imetoka dakika 6 zilizopita, hii inangoja 13. Shofere atanung'unika, abiria watagonga bodi ya gari. Ukiachilia, mzunguko wote unaofuata umekwisha kuharibika. Na patron (mwenye gari) asimpigie shefu wa parkingi simu kumwambia "achilia tu", kwa sababu kuanzia siku hiyo hakuna shofere atakayemsikiliza.

Gari moja ikifa mchana, usiache shimo. Kwa dakika 14, mtu aliyengojea gari hiyo anakaa 28. Panga upya tano zilizobaki: 80 gawa kwa 5 ni 16. Simu moja kwa kila shefu wa parkingi: "Laini A, dakika 16, kuanzia gari namba 4." Basi.

Sasa mashofere, na hapa ndipo naona tatizo lako kubwa kuliko yote uliyoandika. Gari 10, zamu 2, siku 6: zamu 120. Jumapili tuseme gari 6: zamu 12. Jumla 132 kwa wiki. Zamu ya 4h45–12h45 na ya 12h30–20h30 ni saa 8 kila moja. Sheria ya kazi ya 2002 inaweka mwisho saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Siku 6 za saa 8 ni 48, umevuka. Kwa siku 5, 132 gawa kwa 5 ni 26,4, yaani watu 27 kabla ya mgonjwa na wa likizo. Wewe una 16, ambao wanakupa zamu 80. Zile 52 zinaendeshwa na nani? Ama na mtu aliyeshika volani 5h00 na bado ameishika 20h00, ama na rafiki ya shofere ambaye jina lake haliko kwenye kaye yako. Siku ya ajali, rulaji (polisi wa barabarani) na bima wataanzia hapo.

Kama pesa ya kuajiri watu 11 haipo, toa gari 3 ziwe za asubuhi na jioni tu: 5h00–9h00, kisha 15h30–19h30, shofere mmoja kwa siku. Mchana zinabaki A gari 4 na B gari 3, dakika 20 kila upande, na mchana watu si wengi. Unaokoa zamu 18 kwa wiki: 114 gawa kwa 5, watu 23. Bado ni zaidi ya 16, lakini pengo hilo unaweza kulipeleka kwa patron likiwa limeandikwa. Kubali tu kwamba hiyo zamu iliyokatika katikati haipendwi; izungushe, isimkae mtu mmoja mwezi mzima.

---

mama_kese

Hesabu za chrono ni sawa. Mimi niongeze karatasi.

Karatasi ya njia, moja kwa kila gari kwa kila zamu. Juu: tarehe, namba ya gari, plaki (namba ya usajili), shofere, reseveri, kilomita za kutoka. Katikati: mstari mmoja kwa kila safari. Chini: mazuti (dizeli), kilomita za kurudi, kasoro. Na upande wa nyuma, matangazo ya siku, na nafasi ya sahihi mbili, ya shofere na ya reseveri. Ufunguo wa gari unatoka baada ya sahihi hizo, si kabla. Namna hiyo "sikuona" inakwisha yenyewe, bila kugombana na mtu.

Tangazo liwe na namba, laini inayohusika, kuanzia lini hadi lini, na la kufanya. Mfano: "Na. 31. Laini B, Jumapili tu, 13h00 hadi 19h00. Mechi Kamalondo. Gari hazisimami karibu na stadi ya mpira. Kushusha na kupakia ni kabla ya msongamano au Kenya. Maswali: shefu wa parkingi Centre-ville." Mistari minne. Tangazo lisilo na tarehe ya kufa linabaki ukutani hadi linakuwa manjano, na watu wanaacha kusoma ukuta. Saa ziandikwe 17h00, 5h00, hivyo hivyo kwa namba, maana tuna watu waliokulia pande mbalimbali na kila mmoja anahesabu saa kwa namna yake.

Tiketi. Namba inaandikwa kila mwisho wa safari, parkingini, mbele ya shefu wa parkingi. Ukingoja jioni, utajua pesa imekosekana lakini hutajua wapi. Na muelewane namba gani inaandikwa: ile ya tiketi *inayofuata kuuzwa*. Safari imeanza 004512, imeisha 004541: tiketi 29. Reseveri mmoja akiandika ya mwisho kuuzwa na mwingine akaandika inayofuata, unapata kosa la tiketi moja kila safari. Safari nane, tiketi nane, na tayari kuna mtu anaitwa mwizi bure.

Chenji ya kuanzia: noti za franka 100, 200 na 500, ndani ya bahasha yake, kiasi kilekile kila siku, sahihi wakati wa kuichukua na wakati wa kuirudisha. Si mapato, isichanganywe. Reseveri asiyekuwa na chenji asubuhi anaanza siku na madeni ya abiria kumi, na nusu ya kelele za ndani ya gari zinatoka hapo. Dola msipokee garini: ikiwa na mpasuko hata mdogo hakuna atakayeipokea tena, na hasara itabaki kwa reseveri.

Anayelipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money alipe kwenye namba ya kampuni, si ya reseveri. Ujumbe ukikawia, reseveri anaandika tarakimu nne za mwisho za simu ya abiria kando ya namba ya tiketi, na biro inatafuta baadaye.

Zamu ikibadilika 12h30, hesabu ya kwanza inafungwa kabisa. Watu wawili wanahesabu, reseveri anaangalia, tofauti inaandikwa kama ilivyo. Kisha usianze na mtu, anza na safari. Fungua karatasi za wiki mbili. Kama safari ya 6h00 inapungukiwa kila siku, awe nani awe nani garini, basi hapo kuna watu wanaopanda bila kulipa: wanafunzi, watu wa uniformu, ndugu za shofere. Weka safu ya "bila tiketi" kwenye karatasi na muamue nani anaruhusiwa. Kama upungufu unamfuata mtu kutoka gari hadi gari, hilo ni jambo lingine.

---

fundi_mazuti

Nijibu lile la kasoro. Shofere wa jana haandiki kwa sababu akiandika, gari yake inalala garaji, na gari ikilala yeye halipwi. Ondoa hiyo kwanza: anayeandika kasoro ya kweli apewe gari ya akiba au alipwe zamu. La sivyo kaye ya kasoro itabaki safi mwaka mzima huku gari zikioza.

Gawa kasoro mara tatu. Za kutotoka: breki, usukani, mpira unaoonyesha nyuzi, mlango usiofunga, taa kwa zamu ya jioni, waipa wakati wa mvua. Za kutoka lakini kurudi garaji mchana: kuvuja kidogo, mkanda unaolia, moshi mweusi kuliko kawaida. Zile gari tatu za chrono zinazolala mchana, ndizo za kufanyia kazi hiyo. Zungusha namba ili kila gari ipate mchana wake. Zinazobaki zingoje servisi: kiti kilichopasuka, kioo kinachogoma.

Ukaguzi wa asubuhi ni dakika 10, injini ikiwa baridi. Oili kwa kijiti, maji ya radieta, angalia chini ya gari kama kuna alama mpya. Mipira: nyuma ni pacha, na ule wa ndani hakuna anayeutazama. Gonga kwa chuma, uliojaa unarudisha mkono, uliopoteza hewa unatoa sauti ya kufa. Ukiacha wa ndani bila hewa, wa nje unabeba uzito wote, unachemka, unapasuka mbele ya abiria. Jiwe likikaa katikati ya pacha, litolewe hapo hapo. Presha ni ile iliyoandikwa kwenye kibandiko cha gari.

Nati za gurudumu: gurudumu likitolewa kwa sababu yoyote, zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Andika kwenye karatasi ya njia "kaza nati safari ya pili", maana mdomo unasahau. Na wakumbushe vijana wa garaji kwamba kwenye baadhi ya gari za Kijapani zenye mipira pacha, nati za upande wa kushoto zinafunguka kinyume. Wanarukia spana kwa miguu miwili hadi bolti inakatika.

Breki: kanyaga pedali, injini ikiwaka, shikilia. Ikizama polepole, silinda kuu inapitisha. Ikiwa laini kama sponji halafu inapanda ukipiga mara mbili, kuna hewa. Ikiwa ngumu kama jiwe, nguvu ya msaada haipo. Angalia pampu ya vakyumu na mpira wake wa kupitisha. Zote tatu ni za kutotoka.

Vumbi la Juni hadi Oktoba linaua injini kuliko kilomita. Filta ya hewa ifunguliwe kila wiki. Ukipuliza, puliza kutoka ndani kwenda nje kwa hewa ndogo, kwani hewa kali inatoboa karatasi, na tundu usiloliona linaingiza mchanga hadi kwenye silinda. Juni na Julai asubuhi baridi ni kali. Ngoja taa ya kupasha izime, rudia mara ya pili ndipo uwashe. Ukilazimisha, demareri (starta) inalia hadi batri inakwisha, na 5h00 hakuna wa kukusukuma.

Mazuti ijazwe jioni hadi juu, si asubuhi. Tangi lililo nusu linafanya maji usiku wa baridi. Tena ndiyo njia ya kujua matumizi: lita ulizojaza gawa kwa kilomita za siku, mara 100. Lita 38 kwa kilomita 210 ni 18,1. Linganisha gari na yenyewe, kwenye laini ileile. Ikiruka kutoka 18 hadi 21, tafuta breki inayoshika, mpira laini, filta iliyoziba, kisha ndipo umtafute mwizi. Na mazuti ya Kadhafi, yule muuza mafuta wa kando ya barabara, msiweke; ukitoa maji kwenye filta baada ya wiki moja utaelewa.

Mvua ikianza, maji yakipita katikati ya gurudumu, gari isiingie. Injini ikizimika ndani ya maji, *isiwashwe tena*. Ikiwa imemeza maji, maji hayabanwi. Kinachopinda ni fimbo ya pistoni. Ivutwe, plagi za kupasha zitolewe, injini izungushwe maji yatoke, ndipo muone.

---

volani_kulia

Nawasoma wote. Naongea kutoka upande wa volani.

WhatsApp si mbaya, inatumiwa vibaya. Shofere wengi hawana mega (data) asubuhi. Tangazo la 22h00 linaingia kwenye simu yake 9h00 akiwa ndani ya msongamano, na hapo hapo ndipo mnataka alisome. Fungua kundi la pili ambalo biro peke yake inaandika. Sauti iwe chini ya nusu dakika, jambo moja, ikianza na laini na saa: "Laini B, kuanzia sasa, ..." Ile sauti ya dakika tatu yenye salamu ya familia nzima hakuna anayeimaliza. Zamu ya kesho itoke kabla ya 18h00, picha ya karatasi iliyobandikwa ukutani, ili karatasi na simu viseme neno moja. Baada ya hapo, mabadiliko ni kwa kupigiwa simu, na mtu akubali kwa kinywa chake.

Gari ikiwa njiani, msimpigie shofere. Mpigieni shefu wa parkingi, amwambie akifika.

Versement. Mama kese hakuigusa. Kama shofere ana kiasi cha lazima cha kuleta jioni na kinachobaki ni chake, karatasi zenu zote hazitashinda. Hatangoja dakika 13 Ruashi, kwa sababu dakika 13 ni abiria wake wanaochukuliwa na Hiace na manseba (pikipiki za abiria). Atakata laini katikati, atapakia watano zaidi. Mkitaka ratiba, lipeni mshahara, na nyongeza itolewe kwa yale mnayoyataka kweli: kutoka kwa saa, karatasi iliyojaa, gari kurudi bila kuguswa. Mkitaka versement, basi semeni wazi kwamba hakuna ratiba na muiondoe ukutani.

Zingatieni pia mlango. Coaster zilizokuja na volani kulia zina mlango upande wa kushoto, na sisi tunaendesha kulia. Abiria anashuka katikati ya barabara, mbele ya manseba anayepita kwa mbio. Kwa gari hizo amri iwe moja: kusimama ndani ya parkingi tu au mahali gari inapotoka nje ya lami kabisa, reseveri anashuka wa kwanza, anasimama nyuma ya mlango akiangalia zinakotoka gari, mkono juu, ndipo watu wanashuka. Msipange reseveri mpya kwenye gari hizo. Na zile zilizogeuzwa volani hapa mjini, fundi aziangalie viungo vya usukani kila wiki, hasa palipochomelewa.

---

fundi_mazuti

Kwa zilizogeuzwa, naunga mkono, ila wiki ni nyingi kwa gari inayopita mashimo ya Katuba. Magurudumu ya mbele chini, mtu mmoja atikise volani kidogo kushoto kulia, wa pili awe chini anashika kila kiungo kwa mkono. Kinachocheza utakisikia kwenye vidole kabla ya macho kukiona. Dakika mbili, kila jioni.

---

regulateri_kampemba

Aksanti sana, bakubwa. Yaya volani, kuhusu versement nitapeleka, lakini uamuzi si wangu.

Maswali mawili yamebaki. Shofere asipotokea 4h45, nani anaingia na kwa utaratibu gani? Sasa hivi napiga simu kwa kila mtu hadi mmoja akubali. Na gari ikiingia pane (ikiharibika) katikati ya njia ikiwa imejaa, reseveri wetu wanarudisha pesa kwa wengine, wengine wanakimbiwa na abiria, na jioni karatasi haieleweki.

---

chrono_kasapa

Shofere wa akiba awe na zamu kama wengine: anafika 4h45, anakaa garaji hadi 7h00, analipwa hata asipoguswa. Ukimlipa akiendesha tu, kuanzia wiki ya pili atafika 6h00. Asiyeweza kuja aseme kabla ya 20h00 ya usiku. Aliyeamka mgonjwa apige simu kabla ya 4h15, sauti, si ujumbe. Saa 4h45 unaita majina, ukimwona kila mtu usoni. Macho mekundu, harufu ya pombe, mtu anayejibu polepole: huyo hapati ufunguo, na huo si mjadala wa mbele ya wenzake, mwite pembeni. Saa 4h50 jina lisiloitika linafutwa, wa akiba anaingia. Aliyechelewa dakika 20 akifika, yeye ndiye anakuwa wa akiba.

Wakikosekana wawili, usimvute wa zamu ya mchana, maana utamfikisha zaidi ya saa 15 kwenye volani. Toa gari moja kwenye laini yenye nafasi ndogo kati ya gari na gari na upange upya zilizobaki. Lakini gari ya 5h00 usiiguse kamwe: wanaoipanda ni wauzaji wa soko na walinzi wanaobadilishana zamu, hawana njia nyingine, na ukiwaangusha mara mbili wamekuacha.

---

mama_kese

Kwa gari iliyokufa njiani: pesa hairudishwi, tiketi inahama. Reseveri anaandika kwenye mstari wa safari mahali na saa, na namba ya tiketi ya mwisho. Anahesabu watu walio ndani, tuseme 22. Gari inayofuata ikifika, anawakabidhi: reseveri wa pili anapakia anaoweza, anaandika "wamehamia, 14, kutoka gari 6" kwenye safu ya bila tiketi, na wa kwanza anatia sahihi kwenye karatasi ya mwenzake. Wanane waliobaki wanangoja ya tatu kwa utaratibu huohuo. Asiyetaka kungoja arudishiwe nauli, lakini tiketi yake ichukuliwe, ikatwe pembe na kubanwa nyuma ya karatasi. Bila kipande hicho hakuna marejesho tunayoyakubali kese (panapokabidhiwa pesa). Wakati huo shofere haachi gari: pembetatu nyuma, abiria wote wawe upande wa mtaro, si wa lami. Na yale matawi ya miti mnayoweka barabarani kuonya wengine, yatolewe gari ikiondoka. Usiku yakibaki pale, manseba wa kwanza kupita anaanguka juu yake, na plaki itakayokumbukwa ni ya gari yenu.